Nilivyowaongezea wafanyakazi wangu malipo bila kodi ya mshahara (PAYE) kuyamega

Nina kliniki ndogo ya meno nchini Kenya, wafanyakazi watano. Februari 2025 msaidizi wangu aliyefanya kazi nami miaka minne aliniambia amepata kazi kwingine, na tofauti ya mshahara ilikuwa shilingi 5,000 tu. Nilimwomba anivumilie wiki mbili. Kumpoteza mtu anayejua kumtuliza mtoto aliyeshikwa na hofu ya sindano ni hasara ambayo tangazo la kazi haliwezi kuifidia.

Nilidhani jibu ni kumwongeza hizo 5,000. Mhasibu wangu akachukua kalamu. “Daktari, hebu tuone zinamfikia ngapi.” Mshahara wake ulikuwa 45,000. Katika nyongeza ya 5,000, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inakata 300, SHIF (bima ya afya ya umma) 137.50, ushuru wa nyumba za bei nafuu 75, kisha PAYE ya asilimia 30 kwa kinachobaki, kama 1,346. Mkononi anapata takriban 3,140. Nami kama mwajiri nalipa 375 zaidi za NSSF na ushuru wa nyumba. Natoa 5,375, yeye anapokea 3,140! Sikulala vizuri siku hiyo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 ilikuwa imepandisha viwango vya marupurupu yasiyotozwa kodi. Chakula cha wafanyakazi kilitoka 4,000 hadi 5,000 kwa mwezi kwa kila mtu. Manufaa mengine yasiyo fedha taslimu yalitoka 3,000 hadi 5,000 kwa mwezi. Mchango wa pensheni unaosamehewa kodi ulipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwa humo ndani.

Nilianza na chakula, na nilianza vibaya. Machi niliwagawia wote pesa za mchana pamoja na mshahara. Mhasibu alipoandaa hesabu za kuwasilisha kabla ya tarehe 9, akanipigia simu: pesa taslimu ni mshahara, hata ukiziita za chakula. Msamaha unahusu mlo wenyewe, ama uliopikwa katika kantini ya mwajiri, ama ulioletwa na mtu mwingine ambaye amesajiliwa kulipa kodi. Kwa hiyo mwezi ule zilikatwa PAYE kama kawaida, na nikalazimika kuwaeleza watu waliokuwa wamefurahi.

Kumpata mpishi ilikuwa kazi kuliko nilivyodhani. Wa kwanza alipika vizuri sana lakini hakuwa na PIN (namba ya mlipakodi), wala hangeweza kunipa ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za biashara, kwa hiyo nami ningeumia. Wa tatu ndiye tuliyekubaliana naye. Ananiletea ankara moja kila mwisho wa mwezi, na tunaweka daftari la waliokula. Nimeiacha gharama iwe 4,500 kwa kila mtu, kwa sababu sipendi kutembea ukingoni.

Ukingo una hatari zaidi kwenye yale manufaa mengine. Yakivuka 60,000 kwa mwaka, hayatozwi kodi kwa ile ziada tu, bali yote kwa jumla. Ninayahesabu kila robo mwaka.

Bima ya matibabu ndiyo iliyowagusa zaidi. Mwajiri akiilipia kwa mfanyakazi wa muda wote na wanaomtegemea, mfanyakazi hatozwi kodi. Lakini yule anayekuja kwangu siku mbili kwa wiki hakuingia katika kundi hilo, na ilinibidi nimwambie ana kwa ana. Yeye nilimwongeza malipo ya siku. Karo ya watoto nayo niliiulizia, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wote. Inawezekana mzazi asitozwe kodi, ila gharama hiyo inakataliwa katika hesabu za biashara na kodi inaniangukia mimi. Kwa sasa siimudu.

Kabla ya kuamua lolote la mwisho niliwakutanisha wote, na nashukuru nilifanya hivyo. Dada wa mapokezi alisema wazi: “Daktari, chakula ni kizuri, lakini mwenye nyumba hapokei chakula.” Alikuwa sahihi kabisa. Mtu mwenye deni la kodi ya nyumba anahitaji pesa mkononi, hata zikikatwa, na mimi nilikuwa nimejishughulisha na makato hadi nikasahau kuuliza maisha yake yakoje. Tukapatana: chakula kwa wote, bima kwa wa muda wote, na kwa yeye nikaongeza 2,000 za mshahara. Wawili wengine walichagua niwaanzishie mchango katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa.

Kila jambo liliandikwa kwenye barua ya ajira, likatiwa sahihi. Kwenye hati ya mshahara chakula na bima vinaonekana katika mstari wake, ili mtu aone thamani yake hata kama hakuishika.

Yule msaidizi alibaki. Julai alihudhuria mafunzo ya siku tatu nje ya mji, na posho yake ya safari haikukatwa hata senti, kwa kuwa kiwango kisichotozwa kodi kilikuwa kimepandishwa mwezi huo kutoka 2,000 hadi 10,000 kwa siku.