Kumbukumbu ya mradi: gia ya tatu ya 109

Jumamosi, 8 Novemba

Giaboksi imetoka. Kuandika ni maneno mawili, kazi yenyewe imekula siku nzima na mgongo wa shemeji yangu.

Kwa asiyelijua gari hili: ni Land Rover 109 Series IIA, pikapu ya 1968, petroli ya lita 2.25. Lilichoka likibeba mahindi na mbao huko Karatu. Mimi nimelikata paa, nimelivalisha tairi pana, na kichwa cha injini nimeweka kile cha mgandamizo wa 8:1 badala ya 7:1. Ni gari la kutambia Jumapili, basi. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri isipokuwa gia ya tatu. Ukiwa unashuka kutoka Ilboru, ukitoa mguu kwenye mafuta tu, gia inachomoka yenyewe na gari linabaki huru, linateremka kama baiskeli isiyo na breki. Wiki tatu nimeshuka mlima ule mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nimeukandamiza kwenye gia kama ninazuia mbuzi mlangoni.

Ushauri wa mafundi wote watatu niliowauliza ulikuwa mmoja: "Kaka, toa hiyo takataka, weka injini na gia ya Toyota, utasahau." Hapa Arusha Land Rover kibao za zamani zinatembea na moyo wa Toyota, na siwalaumu wenyewe. Anayetafuta hela barabarani hana muda wa kubembeleza chuma. Mimi gari hili halinitafutii hela.

Sasa, wengi wanadhani giaboksi ya 109 inashushwa chini kwa jeki kama za magari mengine. Haishuki. Unang'oa viti, unang'oa boksi la viti, unafungua sakafu yote, unaachanisha propela zote mbili, kisha mzigo mzima, giaboksi pamoja na transifa yake (boksi la pili linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), unatoka kwa mlango wa kabini. Tulifunga winchi ya mnyororo kwenye mabomba tuliyoazima kwa jirani anayejenga. Shemeji alikuwa ndani anasukuma, mimi nje navuta, na yule chalii wa dukani alikuja kutazama akajikuta ameshika mnyororo.

Kabla ya hapo nilimwaga oili, na nashukuru sikuimwaga chini bali kwenye jagi lenye vipimo. Giaboksi inachukua lita moja na nusu, transifa lita mbili na nusu. Kwenye giaboksi ilitoka chini ya nusu lita, nyeusi tii, inametameta kama imetiwa unga wa dhahabu. Kwenye transifa ilitoka zaidi ya lita tatu na nusu.

Piga hesabu. Oili haikupotea, ilihama nyumba. Ndiyo maana sakafu yangu ilikuwa kavu miezi yote hii, nami nikawa natamba kijiweni kwamba nina Land Rover pekee Sakina isiyovuja.

Jumapili, 9 Novemba

Leo ilikuwa kufungua. Niliapa kupiga picha kila hatua na nimepiga kumi na moja tu, mikono ilikuwa na oili.

Kila shafti ya selekta, yaani fimbo inayosogea unapobadilisha gia, ina gololi na springi inayoibana isitembee ovyo. Najua hilo, nimesoma, nimeonywa. Hata hivyo nilichomoa shafti ya pili bila kuweka kidole kwenye tundu, nikasikia "tiii" kwenye bati la uzio, kisha kimya. Gololi ndogo kuliko punje ya hindi, na uwanja wangu una vumbi la kufika kifundo.

Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kamba na kuiburuta uwanjani. Hapo nikakumbuka tunaishi juu ya majivu ya Mlima Meru. Kila baada ya hatua mbili sumaku ilikuwa imeota ndevu za mchanga mweusi, naipangusa, naendelea. Ikanasa misumari mitano, kifuniko cha soda na sindano ya mama watoto aliyonilaumu kuipoteza mwaka jana. Gololi ikaja saa kumi na moja jioni, imejificha ndani ya ndevu hizo hizo. Nusura niipanguse nayo.

Ubaya wenyewe niliukuta saa moja baadaye kwa tochi. Mafundi walisema foki ya selekta, ule uma unaosukuma gia, imelika. Foki imelika kidogo, ndiyo, lakini springi zina nguvu na meno ya gia si mabaya kwa umri wake. Nikashika gia ya tatu kwa vidole viwili nikaitikisa: ikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Gia ya pili na ya tatu zinakaa juu ya bushi moja, kibomba kilichovalishwa shafti, na katikati ya bushi hiyo kuna ukingo unaozitenganisha. Ukingo wangu ulikuwa umepasuka na kipande kimemegeka. Ile dhahabu kwenye oili ilikuwa bushi yangu inayeyuka taratibu.

Mwanya wa gia hizi unapimwa kwa "elfu", yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, na unatakiwa uwe kati ya elfu nne na elfu saba. Nilipima mara tatu nikidhani nimekosea: ulizidi elfu ishirini.

Ukikanyaga mafuta, injini inaisukuma gia na mzigo unaibana mahali pake. Ukiachia, magurudumu ndiyo yanaiendesha injini na mzigo unageuka. Gia iliyokaza haijali, lakini iliyolegea inayumba, na kila inapoyumba meno yanajisukuma nje kidogo, mpaka yanaachiana. Na imelegea kwa sababu bushi ilikaa bila oili, na oili iliondoka kwa sababu sili ya mainshafti (kizuia oili cha shafti kuu), ile iliyo nyuma kuelekea transifa, imekauka na kuwa ngumu kama ganda la korosho. Sili nyingine nimepata kwa shilingi elfu kumi na mbili.

Jumanne, 18 Novemba

Bushi mpya dukani hakuna, na ya kuagiza nje ilikuwa inifikie baada ya Krismasi. Nikaenda Unga Limited kwa mzee mmoja anayekereza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini, bangili?"

Aliigeuza bushi, akaipima, akaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi nikarudi, kazi safi, inang'aa, vipimo sawasawa. Nikalipa elfu tisini nikaondoka nacheka. Nyumbani ndipo nikaona haina ile mifereji ya kuzungukia inayobeba oili. Bushi ya zamani ilikuwa imelika hadi mifereji imefutika, mzee angeijuaje? Kosa ni langu. Nikarudi Jumatatu na picha kwenye simu. Akaitazama kimya, akasema, "Kijana, na hii ungeniambia mwanzo," akaichora mifereji bila kuongeza hela. Tundu la kile kipini kinachoizuia bushi isizunguke kwenye shafti alikuwa tayari amelitoboa bila kuambiwa.

Jumapili, 23 Novemba

Kufunga sina mengi ya kusema. Beringi mpya za leishafti (shafti ya chini), sili mpya, gasketi nilizokata mwenyewe kwa kugonga karatasi na nyundo kwenye kingo za giaboksi. Mwanya sasa ni elfu tano. Gololi zote zimerudi, na kidole kilikuwa kwenye tundu.

Kurudisha giaboksi ndani kulikuwa kubaya kuliko kuitoa. Sitaki kukuzungumzia.

Jumamosi, 29 Novemba

Barabarani. Nilianza na Ngaramtoni kwa sababu ni barabara ya kawaida na mvua ilikuwa imekatika. Gia ya kwanza na ya pili bado zinataka adabu za kizamani. Series IIA ina sinkronaiza, kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo ukirudisha ya pili unakanyaga klachi mara mbili na kugusa mafuta katikati, la sivyo mtaa mzima unajua unaendesha nini. Zote nne ziliwekewa sinkronaiza kuanzia Series III, 1971. Mimi napenda hivi hivi.

Kisha Ilboru. Nikapanda hadi juu, nikageuza, nikaweka ya tatu, nikatoa mguu kwenye mafuta. Injini ikanguruma ikalizuia gari, ikashuka nalo kona baada ya kona. Gia haikuchomoka. Nilipofika chini nikagundua mkono bado umeikandamiza.

Jioni nilipima oili zote mbili: kila moja iko kwenye usawa wake. Nikainama na tochi kutazama chini. Kwenye kava ya klachi kuna tone moja, linaning'inia, halijaamua. Nimetandika boksi chini.