Nilivyofunga mafaili ya wanachama yaliyokuwa wazi

Simu iliingia saa mbili usiku. Alikuwa mama mmoja, mwanachama wa chama cha akiba na mikopo ambacho nilikitengenezea tovuti. Baada ya kuitikia shikamoo yangu akaenda moja kwa moja: “Mwanangu, mjukuu wangu alikuwa ananisomea taarifa ya mkopo kwenye simu. Akabadilisha namba pale juu, akaona deni la mwenzangu lote, mpaka jina la mdhamini wake. Hii ni sawa kweli?”

Nikamwambia si sawa, na nikawasha kompyuta.

Anwani ya kupakua ilikuwa pakua.php?namba=147. Nikaingia kwa akaunti yangu ya majaribio, nikaweka 148, taarifa ya mtu mwingine ikafunguka. Skripti, yaani programu ndogo inayotoa faili, ilikuwa ikiuliza kama mtu ameingia kwenye akaunti, basi. Haikuuliza kama faili analolitaka ni lake. Hilo peke yake lilinitia baridi, maana wanachama wale ni watu wa mtaa mmoja, wanaonana sokoni na misibani, na deni la mtu si jambo la kusomwa na jirani. Nikatoka kwenye akaunti, nikaandika anwani ya faili lenyewe, /taarifa/taarifa-0148.pdf. Likafunguka pia, bila nywila wala swali lolote.

Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa, kwa sababu folda ile nilikuwa nimeifunga. Wakati tovuti iko kwenye hostingi ya kuchangia (seva moja ya tovuti nyingi) inayotumia programu ya seva iitwayo Apache, niliweka ndani ya folda faili la kanuni la .htaccess lenye mstari mmoja, Require all denied, yaani wote wakataliwe, nikajaribu, seva ikanijibu 403, namba ya kusema hairuhusiwi. Jibu lilikuwa kwenye kuhama. Miezi michache kabla ya simu ile tulihamia seva yetu wenyewe inayotumia Nginx, programu nyingine ya seva, na Nginx haisomi .htaccess hata kidogo. Haitoi onyo, haiandiki kosa. Kufuli lilihamishwa pamoja na mizigo, likabaki karatasi tu. Na kwa kuwa wanachama waliendelea kupata taarifa zao kama kawaida, hakuna aliyeshtuka.

Usiku ule ule nikaitoa folda nzima nje ya sehemu ambayo seva inaionyesha kwa umma. Tovuti iko /var/www/chama/public. Mafaili nikayapeleka /srv/taarifa, ambako hakuna anwani ya intaneti inayofika. Tangu siku hiyo sitaki tena kutegemea kanuni ya kukataza juu ya faili lililolala mahali pa wazi. Kanuni husahaulika mtu akihama, ila faili lisilokuwepo kwenye folda ya umma haliwezi kutolewa kwa bahati mbaya.

Kisha nikairekebisha skripti. Sasa inatafuta kwenye hifadhidata taarifa yenye namba iliyoombwa na ambayo mwenye nayo ndiye aliyeingia. Likikosekana hata moja kati ya hayo mawili, jibu ni 404, yaani haipatikani, ili asiyehusika asijue hata kama taarifa hiyo ipo. Jina la faili linatoka kwenye hifadhidata. Halichukuliwi kwenye anwani, maana ukilipokea kutoka kwa mtumiaji anaweza kukuandikia ../ akapanda folda za juu hadi kwenye faili la mipangilio. Skripti ikisharidhika, inaipa Nginx kichwa cha X-Accel-Redirect, maagizo ya faili lipi litolewe, na Nginx yenyewe inatoa faili kupitia njia niliyoiwekea neno internal, yaani haifunguki kwa mtu wa nje. Nikaongeza Cache-Control: private, no-store, ili kivinjari kisibaki na nakala, kwa sababu wengi wao hufungua taarifa kwenye kompyuta ya pamoja pale ofisini.

Jambo lililoniuma zaidi nililikuta kwenye robots.txt, faili linaloambia roboti za mitambo ya utafutaji zisipite wapi. Kwa nia njema nilikuwa nimeandika Disallow: /taarifa/, nikidhani naificha. Faili lile husomwa na yeyote. Kwenye kumbukumbu za seva nikaona anwani mbili za IP zilizolifungua, na sekunde chache baadaye zikagonga /taarifa/. Zilipata 403 kwa kuwa Nginx haionyeshi orodha ya folda usipoiruhusu, na hazikuendelea kukisia majina. Lakini kumbukumbu zilikuwa za siku 14 tu. Ya nyuma sikuweza kuyaapia, na nilimweleza mwenyekiti hivyo hivyo asubuhi yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika Tanzania tangu Mei 1, 2023, na hata isingekuwepo, wenye taarifa walistahili kuambiwa. Akawaambia kwenye kikao, nami nikasimama kujibu maswali.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwa yule mama. Mjukuu akachukua simu, akajaribu 148, 149, 150, kisha akaandika na anwani ya zamani ya faili. Kila mara: ukurasa haupatikani. Mama akamwambia arudishe 147, aone kama yake bado ipo. Ilikuwepo.