Jasusi Aliyefichuliwa Mapema Kibandani Igogo

Tamthilia ya Kikorea iitwayo Doctor Stranger niliitazama mara ya kwanza katika kibanda umiza kimoja, yaani kibanda cha kulipia kuona video, cha Igogo, nikiwa nimebanwa kwenye benchi la mbao kati ya akina mama wawili waliotoka kuanua dagaa na vijana waliokuwa wakisubiri mpira wa saa nne usiku. Ilikuwa nakala iliyotafsiriwa, yaani ile ambayo dijei anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, anawabatiza majina anayoyataka na kukatiza mazungumzo yao kila anapojisikia kutoa maoni. Dijei huyo alituvujishia siri kuu ya hadithi mapema mno, kabla waandishi wenyewe hawajataka tuijue. Nimeirudia tamthilia yote peke yangu, safari hii bila sauti yake, na bado naona kwamba alitutendea wema.

Ilirushwa na kituo cha SBS cha Korea Kusini kuanzia tarehe 5 Mei hadi tarehe 8 Julai 2014, sehemu 20, na imetokana na riwaya ya Choi Ji-young ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Daktari wa Kaskazini. Stelingi ni Park Hoon, anayeigizwa na Lee Jong-suk, mtoto wa daktari bingwa wa moyo kutoka Kusini. Mwaka 1994 baba yake anatumwa Pyongyang kwa siri akamfanyie upasuaji Kim Il-sung, kiongozi wa Korea Kaskazini, kwa sababu akifa wakati ule vita vinaweza kulipuka. Upasuaji unafanikiwa, lakini wakubwa waliomtuma wanamtelekeza, na mtoto aliyefuatana na baba yake anakulia Kaskazini hadi naye anakuwa mpasuaji wa moyo.

Kinachoipa sehemu ya kwanza uzito ni kwamba riwaya imepachikwa ndani ya ufa halisi wa historia. Mwaka huo mgogoro wa nyuklia ulikuwa umefika pabaya, na mwezi Juni Jimmy Carter, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alikwenda Pyongyang kuzungumza na Kim Il-sung ana kwa ana. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Julai 1994, Kim alifariki, na taarifa rasmi ilitaja moyo. Mwandishi ameuchukua moyo huo na kuuliza nani aliwahi kuushika kabla haujasimama. Iwe ilipangwa au ilitokea tu, sehemu ya mwisho ya tamthilia ilirushwa siku ilipotimia miaka 20 kamili tangu kifo hicho.

Sisi tuliolelewa na riwaya za Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, tumezoea jasusi mwenye bastola, kauli za mkato na safari za ndege. Hapa silaha ni kisu cha upasuaji, na uwanja wa mapambano ni chumba ambacho mlengwa ameingizwa kwa ridhaa yake na kulazwa usingizi. Waziri Mkuu wa ndani ya hadithi, Jang Seok-joo, hamtakii rais wake kifo, bali anataka azimie baada ya upasuaji na asizinduke. Pale kibandani jambo hili liliwachanganya wengi, na kijana mmoja aliuliza kwa nini asimuue tu yaishe. Jibu limo katika katiba ya Korea Kusini: rais akifa, lazima uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60, lakini rais akishindwa kutekeleza kazi zake, Waziri Mkuu ndiye anayekaimu. Rais aliyelala bila fahamu, kwa hiyo, ana faida kubwa kuliko rais aliyezikwa. Nilipolieleza hilo, mama mmoja alitikisa kichwa akasema kwamba huyo mzee ana akili ya mtu anayegombania mirathi.

Sasa nimzungumzie mwanamke. Hoon anamtorosha mpenzi wake, Song Jae-hee, hadi Budapest, na huko anampoteza kwenye daraja, mkono ukimponyoka mkononi. Baada ya kufika Kusini anakutana hospitalini na daktari wa usingizi aitwaye Han Seung-hee, mwenye sura ileile, mpole, asiyeonyesha dalili yoyote ya kumfahamu. Waandishi wanataka tuhangaike: ni yeye, au ni mtu mwingine? Dijei wetu hakuwa na subira hiyo. Mara tu binti alipotokea mlangoni alisema, kwa sauti ya mtu anayenong'ona kanisani, “Ndugu mtazamaji, huyu ni Jae-hee huyuhuyu, sasa ni shushushu wa Kaskazini, lakini mwache jamaa ahangaike.”

Vijana walilalamika, nami nilikasirika kimoyomoyo, kwa sababu hadithi ya ujasusi huishi kwa kuficha. Hata hivyo, tangu hapo macho yetu yalihama. Hatukumtazama tena binti ili tumtambue, tulimtazama ili tuone namna anavyovumilia. Kila Hoon alipomwita kwa jina la zamani, akina mama waliguna kwa kumwonea huruma yule binti aliyelazimika kugeuza uso, wala hawakumhurumia sana kijana. Nilipoirudia bila dijei, mandhari hizohizo zilinipita kama vitendawili tu, na zilichosha upesi.

Dijei alifanya jambo jingine ambalo nalipenda zaidi. Kikorea cha Kaskazini na cha Kusini vina lafudhi tofauti, na mtu aliyetoka Kaskazini hujulikana mara anapofungua mdomo. Tafsiri ya maandishi haiwezi kuonyesha hilo. Dijei alimpa Hoon Kiswahili chenye uzito wa Kisukuma, na akamfanya awasalimie madaktari wa Kusini “Mwangaluka!” huku wao wakijibu kwa Kiswahili cha mjini. Kibanda kizima kilicheka, kisha kikaelewa, bila mhadhara wowote, kwamba kijana huyu ni mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Kuanzia katikati hadithi inapwaya. Mashindano ya Hoon na Han Jae-joon, daktari mwenzake, yanageuka ligi ya kupasua watu, na mapenzi yanayohusisha watu wanne yanakula muda ambao ungetumika kwa Waziri Mkuu na mitego yake. Dada yangu, ambaye ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, alitazama sehemu mbili tu kwenye simu yangu akanirudishia. “Mdogo wangu,” alisema, “hawa wanaongea kuliko wanavyofunga mishipa.”

Sehemu ya mwisho ilifika kwenye flashi bila sauti ya dijei. Mwenye kibanda aliomba radhi, akaiwasha hivyohivyo, Kikorea kitupu na maandishi ya Kiingereza yaliyopita haraka kwenye televisheni ndogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitazama nyumbani. Katikati ya tukio moja la kimya, mama aliyekaa karibu nami alinigusa kiwiko akauliza, “Mwanangu, huyo binti anapona?” Nilitazama benchi lote likinigeukia, nikakumbuka hasira yangu ya ile siku ya kwanza, kisha nikaanza kuwasimulia.