Siku yangu moja Warnemünde, nauza mkate wa samaki

Saa 11 alfajiri. Alamu inalia na jua lishatoka tayari, Julai huku usiku ni wa kuazima. Naishi Lütten Klein, kwenye yale maghorofa ya enzi za Ujerumani Mashariki, nachukua treni ya mjini Rostock, kufumba na kufumbua nimefika Warnemünde, kitongoji chake cha ufukweni.

Saa 12 na nusu. Kibarua changu kipo kwenye boti iliyofungwa Alter Strom, ule mfereji wa zamani wa wavuvi, boti yenyewe haiendi popote, kazi yake kuuza mikate tu. Nakata vitunguu huku machozi yananitoka, napanga samaki aina ya heringi, wa siki na wale wachanga wa kulowekwa chumvi wanaoitwa matjes. Siku ya kwanza bosi alinionjesha nikajua ananitania, samaki hata moto hajauona! Mie mtoto wa Tanga nimezoea changu wa nazi. Saa hizi namaliza miwili kabla ya chai.

Saa 3. Meli ya watalii ishafunga gatini, ndefu kama mtaa. Usishangilie, wengi wanapakiwa moja kwa moja kwenda Berlin, masaa kama matatu kwenda, matatu kurudi. Wanaoninunulia ni wastaafu wa Kijerumani.

Saa 7, foleni mpaka darajani. Shakwe kamnyakulia babu mmoja mkate wote mkononi, babu ananikodolea macho mimi utadhani nimemfuga. Nikampa mwingine, yaishe.

Saa 10 natoka. Napita mnara wa taa wa 1898 na Teepott, lile jengo lenye paa lililopinda kama kitambaa kimetupwa juu, natokea ufukweni. Vile viti vya kikapu vimejaa, cha kwanza alikitengeneza fundi vikapu wa hukuhuku Rostock, Wilhelm Bartelmann, mwaka 1882, kwa ajili ya mama mmoja mwenye baridi yabisi. Kukodi hela, natandika khanga yangu chini.

Ila kitu sijazoea bado, maji haya hayaendi. Asubuhi yapo pale, jioni palepale, chumvi yenyewe kiduchu. Mwanzoni nilimuuliza bosi yanakupwa saa ngapi, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia hayo kayatafute Bahari ya Kaskazini, hapa Baltiki.

Saa 2 usiku, bado mwanga kama alasiri, mama kapiga video, namgeuzia kamera aone bahari. Eti, "Mwanangu, hapo imejaa au inakupwa?"

Nikamwambia, mama, ipo tu.