Nilivyoelewa kupambanua haplotaipu kwa karatasi na penseli

Swali lililonihangaisha miezi kadhaa ni hili: mtu ana hitilafu mbili ndani ya jeni moja, je, ataugua au ni mbebaji tu? Kwa magonjwa yanayotokea pale nakala zote mbili za jeni zinapoharibika, inategemea hitilafu hizo zimekaa wapi. Zikiwa pamoja kwenye kromosomu moja, ile nyingine imebaki nzima na inaendelea na kazi. Moja ikiwa upande wa mama na nyingine upande wa baba, hakuna nakala nzima iliyosalia. Mfuatano wa herufi zilizokaa pamoja kwenye kromosomu moja ndiyo haplotaipu, na kuipambanua ni kujua nani kakaa na nani.

Kipimo cha kawaida cha DNA hakikuambii hilo. Kinakuambia mahali hapa kuna herufi za DNA A na G, pale mbele kuna C na T, basi. Nani kakaa na nani, utajua mwenyewe. Nilisoma maelezo mengi, kila neno nikalielewa, lakini picha haikuja.

Ikaja nilipochukua penseli. Nilichora mistari miwili, mmoja kwa kromosomu ya mama na mwingine kwa ya baba, na kubuni mtoto mwenye sehemu nne zenye herufi mbili tofauti: A/G, C/T, G/T, A/C. Nikaandika kila namna ya kuzigawa kwenye mistari ile. Zikatoka namna nane. Kila sehemu inayoongezeka huzidisha hesabu mara mbili, kwa hiyo sehemu kumi tu zinakupa jozi 512. Nikaona kwamba kazi yote ni kuzipunguza zile zisizowezekana.

Nikawaleta wazazi. Sehemu ya kwanza mama ni A/A, kwa hiyo A ya mtoto imetoka kwake na G ni ya baba. Ya pili baba ni T/T: T yake, C ya mama. Ya nne mama ni C/C, kwa hiyo A imetoka kwa baba. Mstari wa mama ukasomeka A, C, pengo, C. Wa baba G, T, pengo, A. Lile pengo ni sehemu ya tatu, ambapo wote watatu ni G/T. Nililikodolea macho jioni nzima. Familia imemaliza kusema yote inayoyajua na bado hujui.

Hapo ndipo watu wasiokuwa ndugu wanapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mwaka 1990 mtaalamu wa jenetiki Andrew Clark alipendekeza tuanze na watu ambao mistari yao haina utata, kwa mfano aliyerithi herufi zilezile pande zote mbili. Nikibahatika kumpata mtu mwenye A, C, G, C kwenye mistari yote miwili, najua mstari huo upo duniani, na mama wa mtoto wangu huenda ameubeba pia. G inaenda kwa mama, T kwa baba. Inafaa kwa sababu kromosomu hukatwa na kuunganishwa upya mara chache tu katika kila kizazi, hivyo majirani husafiri pamoja kwa vizazi vingi. Mwaka 2003 watafiti Li na Stephens walilipa wazo hili umbo la hesabu: kila kromosomu ionwe kama viraka vilivyotolewa kwenye kromosomu za watu wengine.

Ni makisio mazuri, lakini ni makisio. Njia nyingine ni kusoma kipande kirefu cha DNA kinachogusa sehemu mbili kwa mpigo. Herufi zilizo kwenye kipande kimoja zimetoka kwenye kromosomu moja. Vipande vifupi vya besi (yaani herufi) 150 hivi mara nyingi havifiki kwa jirani. Virefu vya maelfu ya besi hufika.

Kosa moja lilinigharimu wiki. Kwenye faili la matokeo ya DNA, 0 ni herufi ya kawaida na 1 ni iliyo tofauti; 0/1 maana yake bado haijapambanuliwa, na 0|1 imepambanuliwa. Nikachukulia kushoto kwa kile kimstari ni mama siku zote. Pasipo data ya wazazi, kushoto na kulia ni majina tu, na yanaaminika ndani ya bloku moja, yaani kipande ambacho sehemu zake zimepambanuliwa kwa pamoja. Bloku ikiisha, aliyekuwa kushoto anaweza kuhamia kulia. Nilikuwa nimeunganisha hitilafu mbili za bloku tofauti na kuzihesabu kuwa ziko mstari mmoja. Siku hizi nikiona hitilafu mbili kwenye jeni, kwanza natafuta bloku inaanzia wapi na inaishia wapi.