Kalaptopu ka inchi 11 na kazi za mwalimu

Kabla hamjauliza, ndiyo, ni kale kadogo. Kioo inchi 11.6, prosesa Celeron N4020, RAM 4GB, storeji 64GB, jina la kampuni naliacha maana za bei hii zote ndani ni ndugu. Mwalimu mwenzangu alivyokaona akauliza umewanunulia watoto? Nikamwambia ndiyo, wa Form Two. Imenitoka laki tano na ushee mpya ndani ya boksi, na najua kwa hela hiyo hiyo ningepata used ya inchi 14 yenye prosesa ya Core i5 ya zamani, nimeambiwa na kila mtu, ila zile nilizojaribu dukani ukichomoa chaji inazima hujamaliza hata salamu na mimi nilichokuwa nataka ni betri.

Na betri ipo jamani. Hiyo prosesa imetengenezwa kwa kiwango cha wati 6 tu, hii yangu haina hata feni, kimya kabisa, umeme ukikata jioni naendelea na kazi zangu kama hakuna kilichotokea. Kwenye begi inakaa na madaftari ya kusahihisha na bado zipu inafunga.

Sasa kazi yenyewe. Nafundisha kemia, kwa hiyo maisha yangu ni azimio la kazi, maandalio ya somo na mitihani. Miaka yote mtihani naandika kwa mkono, napeleka steshenari, dada wa pale anachapa, narudi kuhakiki nakuta H₂O ile mbili iko juu, mshale wa equation umegeuka alama ya kutoa, tunarekebisha, anasevu, tunaprinti, kumbe kaprinti lile faili la kwanza. Na muda wote huo wanafunzi wanapita palepale kununua kalamu huku mtihani wao wa Ijumaa uko wazi kwenye kioo! Hii ndio sababu hasa ya kununua, mengine yote ni nyongeza. Sasa hivi nachapa mwenyewe nyumbani, ile mbili ndogo ya chini unabonyeza Ctrl na alama ya = pale kwenye Word basi, nageuza PDF, nachukua flashi, naenda kuprinti tu nikiwa nimesimama pale pale.

Ila tusidanganyane, siku ya kwanza nilinuna. Inawaka tu inakuja na Windows 11 ile ya S mode, yaani haikubali kuinstoli kitu chochote ambacho hakijatoka Microsoft Store, kila nikiweka flashi yenye programu zangu inakataa. Kuitoa ni bure, unaingia Settings, System, Activation, unafuata maelekezo ya kwenda Store, ila ukishatoka hurudi tena, mimi nilitoka bila hata kuaga. Halafu ikaanza apdeti, bando likaenda.

Kingine ni hii storeji. Imeandikwa 64GB lakini Windows yenyewe inakuonyesha kama 59 hivi, hapo hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Kutoka hapo toa Windows yenyewe, toa Word na Excel, kinachobaki ni cha kuhurumia. Na kiwango cha chini kabisa walichoweka Microsoft kwa Windows 11 ni RAM 4GB na storeji 64GB, kwa hiyo hii mashine imepita mlangoni kwa kuinama. Mbaya zaidi storeji ni eMMC, imechomelewa kwenye ubao kama ya simu, na RAM vilevile, fundi hana cha kuongeza hata umlipe. Hapo ndipo ningemwambia mtu aangalie akienda dukani, asihangaike na udogo wa kioo, aulize kama ndani kuna SSD, yaani storeji ya kipande chake, ya kuchomoa. Mimi yangu ina tundu la memori kadi, video za majaribio ya maabara zote nimezihamishia huko.

Spidi ni ya kawaida tu, Word na kurasa chache za Chrome haina neno, ukiweka na YouTube juu yake inaanza kujivuta. Kioo ukikilaza kidogo rangi zinakimbia, na matokeo ya darasa kwenye Excel lazima nipunguze hadi asilimia 80 ndio nione majina na wastani kwa pamoja. Ila ina HDMI ya kawaida, nimechomeka projekta ya shule ikakubali hapo hapo. Na wanaocheka udogo, 2007 Asus walitoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7 na storeji 4GB, nne!, na watu walinunua mpaka kampuni nyingine zikaiga.

Likizo ya mwezi wa sita nataka nijaribu Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows kwa hiyo hakuna cha kupoteza, na yenyewe RAM 4GB inaitosha. Kinachonisitisha ni mitihani yangu tu, ina fomula kibao za Word, sitaki nifungue kwenye LibreOffice, ile ya bure inayotumika huko badala ya Word, nikute mishale ya equation imehamia mstari wa chini wiki ya mtihani.