Maji yalitoka juu au chini?

Usiku ule nilidhani mtoto ameacha bomba wazi. Nikashuka ngazi miguu mitupu, na kufika chini nikakanyaga maji. Yalikuwa yanabubujika kutoka kwenye kitundu cha sakafu ya bafu, meusi, yananuka. Mvua ilikuwa imezidi, mfereji wa maji machafu ukashindwa kumeza, ukaturudishia kila kitu ndani. Kulipokucha, ukutani palikuwa na mstari wa tope, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Chini ya mstari huo kulikuwa na zulia, magodoro mawili, milango iliyovimba, na mota ya cherehani yangu ya kudarizi, ambayo hukaa sakafuni karibu na pedali.

Nilihuzunika, lakini sikuogopa. Nyumba tumeikatia bima, ada tunalipa bila kuchelewa, na kwenye hati kuna sehemu imeandikwa wazi: uharibifu wa maji.

Mkadiriaji wa hasara alikuja siku ya tatu. Alipapasa ukuta, akapiga picha, kisha akaniuliza: "Dada, maji yalitoka juu au chini?" Nikamwonyesha kile kitundu. Akanieleza kwa upole. Bomba la ndani likipasuka ghafla, bima yetu inalipa. Maji ya mafuriko yakiingia kutoka nje hailipi, hayo yana kinga yake ya kukatwa pembeni. Na maji yanayorudi kupitia mfereji nayo yana kifungu chake, ambacho ni cha nyongeza. Sisi hatukukiweka.

Siku tunakata bima, wakala alitusomea orodha ya nyongeza, nami nikamwambia baba watoto tuchukue ya kawaida inatosha. Nilidhani nyongeza ni mapambo. Kumbe ile hati ya kawaida imeandikwa kwa ajili ya nyumba yoyote ile, haijui kwamba yangu ina bafu lililo chini ya usawa wa barabara, wala kwamba ninashona nguo za wateja chumbani.

Tulipotakiwa kuhuisha bima, nilizunguka nyumba nzima na daftari kabla ya kwenda kwa wakala. Kila chumba nilijiuliza: hiki kikiharibika leo, nitalipwa nini?

Nilianza na magodoro. Hati yetu ililipa vitu vya ndani kwa thamani ya sasa, yaani baada ya kukata uchakavu. Godoro likihesabiwa kudumu miaka 10, nawe umelilalia 8, unalipwa sehemu mbili kati ya kumi. Godoro la sehemu mbili haliuzwi popote! Ipo nyongeza inayolipa gharama ya kununua kipya cha aina ileile. Ada inapanda, lakini hii nilichukua bila kusita.

Cherehani ilinishtua. Vifaa vya kazi ya kuingiza kipato, hata vikiwa chumbani kwako, mara nyingi vina kikomo kidogo sana cha fidia. Na mteja akiteleza kwenye ngazi zako akavunjika mkono, kinga ya kawaida ya mwenye nyumba inaweza kukataa, kwa kuwa alikuja kibiashara. Unayesuka nywele, unayefundisha watoto au unayetengeneza simu nyumbani, uliza kuhusu nyongeza ya kazi ya nyumbani kabla hujauliza kingine chochote.

Mkufu alioniachia mama nao niliuandikisha peke yake, kwa picha na cheti cha thamani, kwa sababu vito vikiibiwa huwa na kikomo chao cha pamoja.

Kisha ikaja nyumba yenyewe, na hapa nawaomba muwe makini. Gharama za ujenzi hupanda, ila kiasi ulichoandika kwenye hati kinabaki palepale. Katika hati nyingi, nyumba ya thamani ya 100 iliyokatiwa bima ya 60, ikipata hasara ya 20 inalipwa 12 tu, yaani sehemu 60 kwa 100 ya hasara, kama ulivyokata. Kwa hiyo hata likiungua jiko peke yake, upungufu ule unakufuata. Tulipandisha kiasi, tukaweka na nyongeza ya kukiongeza kila mwaka.

Kinga ya kuharibika kwa mitambo ya nyumbani niliiacha, sina mitambo ya maana. Tetemeko bado tunajadiliana. Mafuriko tumekata, na kumbukeni kwamba kinga hiyo mara nyingi ina siku za kusubiri kabla haijaanza kazi, hivyo usingoje mawingu yatande.

Maji ya kurudi kupitia mfereji yamo sasa. Nilimwomba wakala anisomee kifungu chote, pamoja na kikomo chake na kiasi tunachobeba wenyewe kabla ya fidia. Fundi bomba naye ameweka vali ya kuzuia maji yasirudi.

Cherehani ilipona baada ya kubadilishwa mota. Siku ya kuiandikisha, nilipiga magoti na tochi nikaisomea namba yake kwa simu, tarakimu moja moja, wakala akizirudia. Sasa mota nimeifunga juu, chini ya meza, mbali na sakafu.